Mashine Inayosusa

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine nyingi, mwanangu, ni ile asubuhi baba yangu aliposhuka Lamadi na fimbo yake ya kuchungia mkononi, kana kwamba katikati ya malori na mabasi ya barabara kuu angekuta ng'ombe wa kuswaga. Alikuwa ametoka Mwandoya juu ya lori la pamba, akalala Bariadi kwa ndugu, kisha akaunganisha. Hakuja kunisalimia. Alikuja kunirudisha nyumbani, na sababu ilikuwa mchezo huu huu unaoniuliza wewe leo.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Ninyi vijana mnapenda kufikishwa upesi, na mimi siendi upesi. Juzi uliingia dukani kwangu kuchukua sare ya mdogo wako, ukaona kitu kirefu kimefunikwa kitenge nyuma ya meza ya kukatia nguo, ukaniuliza kama nimeanza kuuza samaki wa friji. Nikakifunua, na macho yakakutoka. Ukaniambia umewaona watu wakicheza pinboli kwenye simu na unatamani kuanza, ila nyumbani wamekuambia hiyo ni dubwi tu, ndugu yake na zile mashine zinazomeza hela za vijana kule stendi. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na wateja. Leo sina mteja, kwa hiyo kaa.

Wakati huo nilikuwa msichana mkubwa, wa kuozwa kama wazee wangeamua. Kwetu hatukuwa na kaka, na mimi ndiye niliyeongoza maksai wakati wa kulima tangu nilipokuwa mdogo. Baba akafikiri sana, akaona afadhali nipate na ufundi wa mikono, akanipeleka Lamadi kwa Bi Zuhura nijifunze cherehani. Bi Zuhura alikuwa mjane, mzaliwa wa Pangani. Mume wake alikuwa dereva wa lori, akamleta huku ziwani, wakaweka duka, na Mungu alipomchukua mume, mke akabaki na baraza lake. Upande mmoja aliuza chai na maandazi, upande wa pili kulikuwa na vyerehani viwili, na katikati ilisimama mashine.

Mashine yenyewe iliingia pale kwa bahati mbaya. Hoteli moja ya watalii ilikuwa inafungwa na vitu vyake vinauzwa, mume wa Bi Zuhura akaenda kutafuta friji. Muuzaji akakataa kata kata kuuza friji peke yake. Anayetaka friji abebe na lile dude la kioo lililokuwa kando yake. Bwana yule akabeba vyote viwili huku akilalamika njia nzima. Friji halikumaliza mwaka. Mashine ndiyo hii uliyoiona.

Inavyofanya kazi ni jambo la kueleweka hata na mtoto. Ni meza ya kioo iliyoinama kidogo kuelekea kwako. Kuna gololi ya chuma. Unavuta springi upande wa kulia, unaachia, gololi inapaa mpaka juu, inagonga vinundu, kengele zinalia, namba zinapanda, halafu inaanza kushuka. Huku chini kuna vikono viwili, cha kushoto na cha kulia, na kila kimoja kina kitufe chake ubavuni mwa meza. Katikati ya vikono kuna pengo. Gololi ikipita hapo, imekwenda. Mchezo mzima ni kuizuia isikuponyoke, na ukishaizuia kuirudisha juu, mahali unapotaka iende.

Kwenye kioo cha mbele kuna mchoro wa mnyama mwenye mikono mingi amemkumbatia mzamiaji. Wavuvi wa Lamadi walibishana miezi kuhusu mnyama yule. Mmoja aliapa babu yake aliwahi kumwona ziwani. Bi Zuhura akawaacha wabishane mpaka wakachoka, ndipo akawaambia ni pweza, na kwao Pangani wanamla kwa ugali.

Mara yangu ya kwanza kuigusa nilicheza kama mtu wa kwetu. Usinicheke. Gololi ilipoanza kushuka nilipiga mluzi, ule wa kugeuza maksai mwisho wa mtaro. Haikugeuka. Nikabonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja, tena na tena, kwa nguvu zangu zote, na gololi ikapita katikati kama mtu anayeingia kwao. Nyingine ilipokuja nikaona hapana, hii inahitaji kusukumwa, nikaikita meza kwa nyonga kama unavyomkita ng'ombe aliyegoma kuingia zizini. Taa zote zikazimika. Vikono vikafa. Gololi ikateremka taratibu mbele ya macho yangu na sikuwa na la kufanya.

Bi Zuhura hakugeuka hata kidogo kutoka kwenye karai lake la maandazi. Alisema neno moja tu, kwamba imesusa.

Baadaye alinionyesha kwa nini. Ndani ya tumbo la mashine kunaning'inia kipande cha chuma, mfano wa timazi ya fundi mwashi. Ukiitikisa meza kidogo, kinacheza na hakuna neno. Ukiitikisa kupita kiasi, kinagusa pete iliyokizunguka, na mashine inakata kila kitu mpaka gololi ile ipotee. Aliyeibuni alijua watu watataka kuisukuma, akawaachia nafasi ndogo ya kusukuma. Mimi niliona ni uchoyo. Bi Zuhura aliniambia kwa sauti yake ya chini, ile iliyonitia adabu kuliko makelele:

"Kabula, hapa huna ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Iguse bega, ikusikie. Ukiipiga, unabaki unacheza peke yako."

Halafu akajifuta unga kwenye kanga, akasimama mbele ya mashine, akacheza. Mwanangu, nimeona mafundi wengi katika maisha yangu, wa kushona, wa ngoma, hata wa kukamua ng'ombe mkorofi bila kumfunga miguu. Sijaona mtu aliyetulia kama yule mama. Gololi ilishuka kwa kasi, kengele zinalia, yeye akainua kikono kimoja tu na kukiacha juu. Gololi ikaviringika, ikalala kwenye kona ya kikono, ikatulia. Akiwa ameishikilia hivyo, dereva mmoja akauliza kama kuna sukari zaidi. Bi Zuhura akageuza kichwa, akamwelekeza kopo lilipo, akamkumbusha kufunika, kisha akarudisha macho mezani. Aliangalia taa ipi inawaka, akaachia kikono, gololi ikateleza kidogo, akabonyeza. Ikaenda pale pale alipotaka. Sikujua kwamba jambo hilo linawezekana. Nilidhani mchezo ni kupigana na gololi, na yule mama alikuwa anaongea nayo.

Basi nikaanza upya. Asubuhi nilishona, na jenereta ilipowashwa mchana, kazi ikiwa imekwisha, nilicheza. Nilijifunza kuutenga mkono wa kushoto na wa kulia, kila mmoja ungoje zamu yake. Nilijifunza kukaza macho kwenye gololi na kuacha kushangaa namba. Nilijifunza kuisogeza meza kwa kiganja, kidogo sana, wakati gololi imekaribia kuingia pengoni. Siku za usafi tulinyanyua kioo, mimi na yeye, tukafuta vumbi la barabara kwa kitambaa laini, na mpira wa vikono ulipochakaa tulikata mwingine kutoka tyubu ya baiskeli. Mpaka leo sijui nilikipenda nini zaidi, kucheza au ile siku ya kunyanyua kioo. Hakukuwa na hela katika mchezo ule. Kisanduku cha kuwekea sarafu kilishavunjika tangu hotelini. Ulikuwa unavuta waya, inaanza. Bi Zuhura alikuwa mtu wa swala tano, na madereva wote walijua kwamba atakayeweka dau juu ya kioo chake atakunywa chai kwingine.

Lakini mtu anayepita hajui hayo. Kuna jamaa wa kwetu, mfanyabiashara wa mbuzi, alipita akanikuta nimesimama mbele ya taa zinazometa, madereva wamenizunguka, kila mmoja anangoja zamu. Alifika Mwandoya akamweleza baba kwamba binti yake ameacha cherehani, anacheza kamari na madereva. Ndiyo maana baba alisafiri.

Nilipiga magoti kumsalimia. Aliitikia bila kuniangalia, akaniambia nikafunge begi. Bi Zuhura alimkaribisha kwa mwangaluka, salamu ya asubuhi ya kilugha chetu, ambayo alikuwa ameshaijua vizuri, akamwekea kiti na kikombe. Baba akasema chai itafuata, kwanza aonyeshwe hicho kitu. Nilikwenda ndani nikafunga begi kama nilivyoambiwa. Halikuwa na vitu vingi, na bado nilichukua muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nalia. Nilikuwa nimebakiza kujifunza kukata suti, na nilijua nikirudi nyumbani sitarudi tena Lamadi. Kuna watu walikuwa wameshaanza kumuuliza baba habari zangu, na mahari ikishaingia zizini hakuna anayekumbuka cherehani.

Nilipotoka, jenereta ilikuwa inanguruma. Nilitegemea kumkuta Bi Zuhura akinitetea, na yeye hakuwa amesema lolote. Alikuwa amemsogeza baba mbele ya mashine, akamwonyesha springi na vitufe, akarudi kwenye karai lake.

Baba aliiweka fimbo kwapani, akavuta springi, akaachia. Gololi ikapaa. Ilipoanza kushuka, baba akapiga mluzi. Mwanangu, ni mluzi ule ule. Akaiita Meja, jina la maksai wetu wa kulia, akaiambia irudi. Madereva wakaangua kicheko. Bi Zuhura akawatazama, wakainamia vikombe vyao. Gololi ilipokaribia pengo, baba akaikita meza kwa nyonga, na taa zikazimika zote.

Alirudi nyuma. Akavua kofia. Nilimjua baba kwa ukali na kwa ukimya. Sikuwahi kumwona ameona haya.

"Nimeiua," alisema. "Nimeiua mashine ya mama wa watu."

"Haijafa, baba," Bi Zuhura akamjibu. "Imesusa tu."

Baba akalirudia neno lile polepole. Kwetu anayesusa ni mke, anarudi kwao, na mume hamfuati na fimbo. Anakwenda na wazee, anakaa chini, anaomba. Niliona usoni mwake kwamba neno limemwingia.

"Sasa nani huwa anakwenda kuibembeleza?"

"Huyo binti yako."

Nikaweka begi chini. Mikono ilikuwa imelowa jasho, nikaifuta kwenye gauni. Nilivuta springi vibaya, gololi ikapaa nusu, ikagonga kinundu kimoja na kurudi moja kwa moja katikati. Niliona imekwenda, na mimi nimekwenda nayo, mpaka Mwandoya. Kiganja changu kikaisogeza meza kidogo, kiasi cha mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Gololi ikagusa ncha ya kikono, ikaruka upande wa pili, na kikono cha huko nilikuwa nimeshakiinua. Ikaviringika, ikalala, ikatulia. Nikaishikilia.

Baba alikuwa ameinama juu ya kioo, uso wake karibu na wangu.

"Unangoja nini?" aliniuliza.

"Nangoja itulie, baba."

Nilipoona taa niliyoitaka imewaka, nikaachia, nikapiga, ikapanda. Sitakuchosha kwa kukueleza kila ilipopita. Nilicheza kuliko nilivyowahi kucheza, na mwishoni mashine ikagonga mara moja kwa nguvu huko ndani, ko, kama mtu anayebisha hodi. Baba akashtuka, akauliza nimepata nini. Nikamwambia nimepata mchezo mwingine. Akauliza hela iko wapi. Nikamwambia hakuna hela, ukicheza vizuri unaruhusiwa kucheza tena, basi.

Baba akakaa kwenye kile kiti alichokuwa amekikataa. Alipoanza kusema alimwambia Bi Zuhura, si mimi, kwa kuwa ndivyo wazee wa kwetu wanavyosema jambo linalomhusu mtoto aliyesimama pale pale. Alieleza kwamba ujana wake wote alicheza ngoma za mashindano baada ya mavuno, njuga miguuni, kundi lake upande huu na wapinzani upande ule. Walioshinda na walioshindwa, wote walirudi nyumbani mikono mitupu, na mwaka uliofuata wakarudi uwanjani. Baba yake alimwona ni mpumbavu. Alifariki bila kwenda kumtazama hata siku moja.

"Niliambiwa binti yangu anajifunza kupoteza," alisema. "Nimemkuta anajifunza kungoja. Nyumbani alikuwa hawezi hata kumngoja ng'ombe amalize kunywa maji. Abaki amalize ufundi wake."

Kisha akaomba ile chai. Alipoimaliza akaniita mayu, yaani mama, kama baba wa Kisukuma wanavyomwita binti wakiwa wamempenda siku hiyo, akaniomba nimwonyeshe tena namna ya kuisogeza bila kuiudhi. Ilinibidi nimshike kiganja, nikiweke ubavuni mwa meza, nikisukume kwa kiganja changu apate kipimo. Sikuwa nimemshika baba mkono tangu utotoni. Kilikuwa kiganja kigumu cha jembe, na kilikuwa kinanisikiliza. Tulicheza mpaka mafuta ya jenereta yakaisha, na begi langu likabaki pale pale sakafuni, watu wanaliruka.

Tangu hapo kila baada ya mauzo ya pamba baba alikuwa anakuja Lamadi kununua samaki. Mama alishangaa nyumba ya wafugaji imeanza lini kula samaki kiasi kile. Hakuwahi kuwa mchezaji mzuri, na mluzi hakuuacha mpaka mwisho. Bi Zuhura alipozeeka na kurudi kwao Pangani, mashine aliniachia mimi, na sasa ni mimi ninayekata tyubu za baiskeli.

Sasa nasaha zangu, mwanangu, zichukue kama nilivyokukatia. Kama unataka kuuanza mchezo huu, anza na mashine moja, uijue mpaka na hasira zake, kabla hujatamani nyingine. Simu itakufundisha macho, haitakufundisha kiganja. Siku ambazo duka langu limefungwa, chukua ubao, misumari, gololi na vipande vya mpira, utengeneze wako, uuegemeze kwenye tofali. Utacheka mwenyewe ulivyo mgumu. Usibonyeze vikono vyote viwili. Ukiipata gololi, ishike kwanza, upumue, uangalie, ndipo uamue. Ikisusa, usiilaumu, kwa sababu ilikuachia nafasi kabla. Fanya na usafi wake, maana anayependa kucheza tu na hapendi kufuta kioo hajaupenda mchezo bado. Na siku mtu akiweka hela juu ya kioo, chukua kofia yako uondoke, hata kama ni rafiki yako na hata kama una hakika ya kushinda.

Lakini kubwa ni hili. Hao wa nyumbani wanaosema ni dubwi, usibishane nao. Wana sababu ya kuogopa. Wameona vijana wakiharibikiwa kule stendi, nami nimewaona. Bi Zuhura hakumjibu baba yangu hata neno moja la ubishi. Alimpisha asimame mbele ya mashine. Nawe fanya hivyo hivyo. Baba yako namfahamu, ni mtu wa haki, mkali kidogo. Mlete hapa Jumamosi, mpe springi aivute yeye kwanza, na akiikita kwa nyonga nyamaza, usimcheke. Halafu cheza wewe, yeye akiwa amesimama kando yako.

Nakuombea Mungu akupe mikono iliyotulia na riziki ya kukutosha, na kitu kimoja cha kupenda ambacho hakikulipi kitu. Na akulindie baba yako, akuone ukikifanya angali hai.